Ngoma za Shakwe wa Chuma

Agosti 6

Tumeanza kuchuma. Umande ulikuwa bado majanini Songül aliponigongea mlango, kapu mgongoni, ananiambia, "Mama, wewe mwaka huu kaa kivulini, uchambue tu." Nikamjibu kivulini nitakaa nikishazikwa. Hadi adhuhuri nilikuwa sijaachwa nyuma, ila kiuno kinanitukana.

Findiki, kokwa zetu za mlimani, zimezaa vizuri, matawi yameinama hadi chini. Mteremko wetu ni mkali, unachuma mkono mmoja huku wa pili umeshika shina, vinginevyo utaporomoka mpaka Bahari Nyeusi.

Mwanangu yuko kwenye meli za mizigo, harudi kabla ya baridi. Kwa hiyo shamba ni la wanawake wawili, mimi na Songül mkewe. Ng'ambo ya ua ni kwa kaka yangu Rahmi. Naye ameanza kuchuma leo. Nilimwona, akaniona. Hatukusalimiana.

Agosti 7

Kuchuma. Vidole vyeusi kwa utomvu wa maganda.

Agosti 9

Songül alitundika simu yake kwenye tawi ili tusikilize redio. Nikaisikia sauti ya Tuncay, mwimbaji na mpiga gitaa wa zamani. Imekwaruza kwa uzee lakini ni ileile, ya mtu anayejua kwamba watu wanamsikiliza. Alikuwa anaeleza habari za Demir Martı, Shakwe wa Chuma, bendi ya mji wetu wa Giresun iliyochukua kemençe, fidla yetu ndogo ya milimani, ikaichomeka kwenye umeme na kuipigisha roki ile ya njozi, ya kumzungusha mtu kichwa bila kunywa kitu. Ni miaka hamsini sasa. Santuri yao itatolewa upya.

Mtangazaji akamuuliza, "Na zile ngoma? Vijana wa siku hizi wanazichezea mpaka Ulaya. Nani alizipiga?"

"Mdogo wangu, marehemu Erdal," akasema Tuncay. "Mungu amrehemu. Alikuwa na mikono ya radi."

Nikasema, "Mikono hiyo ni hii."

Songül akageuka. "Mama, jua limekupata. Kunywa maji."

"Sitaki maji. Erdal alikuwa hawezi hata kupiga makofi harusini bila kupotea. Ngoma zile nilipiga mimi. Nilikuwa na miaka kumi na minane."

Alicheka. Kisha akaniangalia usoni, akaacha. "Mbona hujawahi kusema?"

"Nilisema. Mama mkwe wangu alinipiga kofi, na mume wangu akaniomba nisirudie. Baada ya hapo nikanyamaza."

"Una ushahidi?"

"Ulichomwa."

"Na nani?"

Nikaelekeza kidevu ng'ambo ya ua.

Agosti 10

Songül amekuwa akiniuliza maswali tangu asubuhi, basi niandike hapa mara moja, nisirudierudie.

Binamu yetu Sefer alikuwa mfanyakazi Ujerumani. Kila kiangazi alirudi na vifaa: kamera ndogo ya filamu, redio ya kurekodia. Alitufuata kila tulikopiga. Kanda ya mazoezi yetu ndiyo iliyopelekwa Istanbul ikatengenezwa santuri. Ilipofika wakati wa kupiga picha ya jalada mimi sikuwepo tena, kwa sababu Agosti ile tulipiga kwenye sinema ya wazi ya mjini, na wanaume uwanja mzima wakalitaja jina langu kwa sauti. Baba alilisikia kutoka mkahawani. Siku ya pili yake alimwambia Rahmi achukue masanduku yote ya Sefer, yaliyojaa mikanda ya filamu na kanda za sauti, akayachome uwanjani. Nilisimama dirishani nikautazama moshi. Vuli ile nikaozwa. Kwenye jalada wakamweka Erdal, kashika vijiti kama mtu aliyeshika vijiko.

Mume wangu alikuwa mtu mwema. Wenzetu wote wa bendi wamekufa, kabaki Tuncay. Rahmi tunasalimiana kwenye misiba tu.

Agosti 13

Kuchuma. Songül anagonga mdundo wa santuri ile kwenye kapu lake. Anaupotosha kila mara. Nimemrekebisha.

Agosti 16

Mvua fupi. Tumefunika kwa turubai.

Agosti 20

Leo hatukuchuma.

Dhoruba ya jana imeng'oa mabati ya ghala la Rahmi, lile la mbao linalosimama juu ya miguu minne mirefu ili panya wasipande. Asubuhi tulimwona amesimama chini yake na magoti yake mabovu, anaitazama ngazi. Songül akapiga kelele, "Mjomba Rahmi, usithubutu! Napanda mimi!" Akaruka ua kabla sijamzuia.

Akateremsha magunia ya mahindi. Mara nikamsikia anacheka huko juu. "Mjomba! Una jibini humu tangu zama za Nuhu!" Akateremka na debe, kisha la pili, kisha la tatu. Madebe ya jibini, yametiwa lehemu pande zote, nadhifu. Rahmi alikuwa fundi bati maisha yake yote.

"Weka chini," akasema Rahmi. "Taratibu, mwanangu. Taratibu." Halafu akanitazama juu ya ua. "Na wewe njoo."

Sijui kwa nini nilikwenda. Alichukua mkasi wa bati akakata debe la kwanza, pole pole, kama mtu anayemnyoa mtoto mchanga. Ndani kulikuwa na mkaa, chini ya mkaa nailoni, na ndani ya nailoni mikanda ya filamu na kanda za sauti, kila moja na mwandiko wa Sefer juu yake. *Mazoezi. Mazoezi. Ordu, harusi. Giresun, sinema ya wazi.*

Nilikaa chini, palepale matopeni.

"Nilikuona ukichoma," nikasema.

"Baba aliniambia nichome masanduku. Nikachoma masanduku. Vilivyokuwemo hakuvitaja."

"Rahmi. Miaka hamsini!"

"Ningefanyaje? Kwanza baba alikuwa hai. Halafu mumeo alikuwa hai. Halafu ukawa hunisemeshi."

"Sikukusemesha kwa sababu ulichoma!"

"Ndiyo hivyo," akasema. "Nilikuwa nasubiri uanze wewe."

Songül alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili. Sijui alikuwa analia au anacheka.

Agosti 21

Nimekuwa na hasira kutwa nzima na sina pa kuiweka. Nimemchukia mtu nusu ya maisha yangu kwa sababu alichoma. Sasa nimchukie kwa sababu hakuchoma?

Agosti 22

Nimempelekea Rahmi sahani ya dolma za majani ya mzabibu. Ameirudisha imeoshwa, ndani yake tini saba mbivu. Hatukuzungumza. Lakini tini zilikuwa tamu.

Agosti 25

Songül hakuniomba ruhusa. Amemwandikia mwanamke mmoja Istanbul, Yelda, ambaye kazi yake ni kutafuta muziki wa zamani na kuutunza usioze. Nilimkaripia. Akasema, "Nikaripie tu, mama, anakuja Jumatano."

Agosti 28

Yelda ana nywele fupi kama za mwanajeshi na anaongea haraka. Alivaa glavu nyeupe kabla ya kugusa chochote. Alikinusa kila kipande. Kisha akamshika Rahmi mkono na kumbusu begani.

"Mjomba, nani alikufundisha kuweka mkaa?"

"Nani wa kunifundisha? Unyevu ni unyevu. Bati linaoza, na hiki nacho kitaoza."

"Nimewahi kufungua makabati ya watu wakubwa, nikakuta vumbi la filamu. Hii yako iko hai."

Rahmi akajifanya anatafuta kitu kwenye mfuko wa koti.

Yelda anasema lazima aende navyo Istanbul. Filamu isafishwe kwa mashine, na sauti iunganishwe na picha, maana kamera ya Sefer ilikuwa bubu. Nikakataa. Akaeleza tena. Nikakataa tena.

Agosti 30

Bado nakataa. Kitu kilichonirudia baada ya miaka hamsini nakitiaje kwenye basi nikipungie mkono?

Agosti 31

Rahmi anakwenda navyo Istanbul mwenyewe, nami nimekubali. Hakuna aliyemwambia. Mtu huyu alifika Istanbul mara moja ujanani, akarudi akasema kule hata chai inanuka moshi. Leo asubuhi alitokea getini amevaa suti ya Idi, debe chini ya kwapa, mengine mawili kwenye mfuko.

Utingo wa basi akamwambia, "Babu, weka kwenye buti."

"Buti ukajiweke wewe," akasema Rahmi. Akapanda, akakaa kiti cha mbele, madebe yote matatu mapajani. Songül anacheka mpaka sasa.

Septemba 3

Kupukuchua kumeanza kwa majirani. Sisi bado tunaanika.

Septemba 5

Rahmi amepiga simu. Alikohoa kwanza, kama anayetaka kuhutubia.

"Nimekuona," akasema.

"Umeniona wapi?"

"Ukutani. Mkubwa kama nyumba. Wewe na msuko wako." Akakohoa tena. "Una meno mengi, dada. Nilikuwa nimesahau ulikuwa unacheka vile."

Nikaibana simu kifuani. Akadhani simu imekatika, akaanza kupiga kelele za "Haloo! Haloo!" mpaka Yelda akamnyang'anya.

Septemba 8

Habari zimemfikia Tuncay. Amenipigia yeye mwenyewe.

"Nazmiye, dada yangu! Sauti yako haijazeeka."

"Yako imezeeka."

Akacheka kidogo. "Sikiliza. Wewe unajua jinsi tulivyopendana sote. Lakini Erdal yuko kaburini. Mama yetu alilia akaomba jina lake likae pale. Sasa tukamvue mtoto wa watu heshima? Nitakushukuru kwenye jalada. Nitaandika: Nazmiye, rafiki wa bendi."

"Rafiki wa bendi."

"Kwa herufi nzuri."

"Tuncay, mimi sikuwa rafiki wa bendi. Ulikuwa ukipotea katikati ya wimbo unanigeukia mimi nikurudishe. Au umesahau?"

"Nani atakuamini? Filamu bubu ya msichana anatikisa mikono? Nitasema alikuwa anajaribu vyombo, basi. Watu wameshazoea hadithi yao."

"Njoo uwaambie hapa Giresun," nikasema, nikakata.

Kinachoniuma ni hili: hajasema uongo kuhusu mama yake. Nilimjua yule mama. Na Erdal alikuwa kijana mpole. Lakini mimi niko hai.

Septemba 9

Mvua.

Septemba 10

Mvua. Findiki ziko chini ya nailoni zinatoka jasho.

Septemba 11

Mvua. Tunazigeuza kwa mikono ili zisiote ukungu. Rahmi amerudi kutoka Istanbul, akavuka ua bila kubisha hodi, akavua koti la suti ya Idi na kuanza kugeuza pamoja nasi. Za kwake kaziacha. Nilipomwambia, akasema, "Zangu zimeshaharibika," na haikuwa kweli, maana niliziona.

Nikamuuliza kuhusu kanda ya sinema ya wazi. Amekwisha kuisikia.

"Iko vipi?"

"Sikiliza mwenyewe siku ikifika."

"Inasikika?"

"Nimesema sikiliza mwenyewe. Geuza hizo."

Septemba 13

Mvua. Mke wa imamu amekuja kuomba chumvi na kutazama uso wangu. Akiwa mlangoni akauliza, "Ni kweli, Nazmiye?" Nikasema ni kweli. Akasema, "Nilikuwepo. Nilikuwa mtoto, juu ya mabega ya baba." Akaenda zake na chumvi yake. Kumbe kuna watu waliokuwepo! Waliishi karibu yangu miaka yote hii na hawakusema, kwa sababu mimi mwenyewe sikusema.

Septemba 16

JUA.

Septemba 18

Mashine ya kupukuchua imeunguruma kutwa. Tumepoteza kidogo sana. Rahmi naye salama. Songül amelala na viatu.

Septemba 22

Onyesho la filamu za Sefer ni tarehe 28, mchana, ukumbi wa utamaduni mjini. Tuncay anakuja. Ametangaza mwenyewe redioni kwamba anakuja "kurekebisha historia." Yelda aliniuliza kama nataka kuona kabla. Nimekataa. Nataka nione pamoja na mke wa imamu.

Septemba 28

Niandike kabla usingizi haujanichukua.

Ukumbi ulijaa mpaka ngazini. Nilivaa ushungi wa kijani, Songül akanipaka wanja kwa nguvu. Vidole vyangu bado vyeusi kwa maganda, nikavificha mapajani. Tuncay alikaa mstari wa mbele, miwani myeusi, skafu ya hariri, watu wanamwomba picha. Kabla taa hazijazimwa alipanda jukwaani bila kuitwa, akasema anamheshimu sana dada Nazmiye, msichana mchangamfu aliyependa kuja mazoezini na kuchezea ngoma, lakini sauti mnayoijua ni ya Erdal, na picha bubu isiwadanganye. Watu wakampigia makofi. Mimi nilikuwa nimekaa, Rahmi upande mmoja na Songül upande wa pili, na wote wawili wakanishika kwa wakati mmoja, mmoja kila mkono, kama wanamzuia ng'ombe.

Yelda akazima taa.

Picha ikawaka. Sinema ya wazi, viti vya mbao, miti ya michongoma nyuma. Tuncay mwembamba kama ufito. Kisha Sefer, Mungu amlaze pema, akasogeza kamera, na nikatokea mimi. Nikapiga. Na sauti ikaja, gitaa likizunguka kama maji kwenye kinu, kemençe inalia juu yake kwa umeme, na chini ya vyote hivyo ngoma. Kila kijiti kilipogusa toazi pale ukutani, toazi lililia ukumbini. Nikasikia watu wanavuta pumzi.

Tuncay akasema kwa sauti, gizani, "Sauti ni ya siku nyingine. Wameibandika."

Hapo ndipo picha ikawa nyeusi.

Nilikumbuka mara moja. Umeme ulikatika. Usiku ule katikati ya wimbo umeme ulikatika Giresun nzima, na mimi siku zote niliamini kwamba kila kitu kilikatika nao. Nilikuwa nimesahau kwamba redio ya Sefer ilitumia betri.

Ukutani weusi mtupu. Lakini kandani gitaa likafa, sauti ya Tuncay ikafa katikati ya neno, kemençe ikabaki nyembamba kama mbu, na ngoma hazikusimama. Ziliendelea peke yazo. Hakuna chombo cha kuzifunika. Zilikwenda zikipanda, zikateremka, zikageuka nyuma zikajifuata zenyewe. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na minane gizani ambaye hakuna aliyemwambia aache, basi hakuacha. Kisha uwanja ukaanza. Kwanza makofi. Halafu mtu mmoja, halafu kumi, halafu wote:

"Naz-mi-ye! Naz-mi-ye!"

Sefer hakuwa amezima kamera. Pale ukutani zikatokea taa mbili: mtu alileta basi dogo mpaka mbele ya jukwaa akawasha taa zake. Na katikati ya mwanga nilikuwa mimi, msuko unaruka, meno yote nje, mikono haionekani kwa kasi. Nyuma yangu bendi imesimama na vyombo vilivyokufa, inanitazama. Tuncay naye amesimama, anapiga makofi kama wengine.

Sijui ni nani ukumbini aliyeanza. Nadhani ni mke wa imamu. Sauti nyembamba, ya nyuma: "Naz-mi-ye." Wakaitikia. Vizee waliokuwepo, vijana ambao hawakuzaliwa, Songül kwa sauti ya kuuza samaki. Rahmi hakupiga kelele. Alikuwa anapiga paja lake kwa mdundo ule, sawasawa, na machozi yanamdondokea kwenye suti ya Idi.

Taa zilipowashwa Tuncay alikuwa amevua miwani. Alisimama, watu wakanyamaza. Nilidhani atatoka. Akanigeukia.

"Umeme ulirudi saa ngapi?" akauliza.

"Haukurudi," nikasema.

"Haukurudi," akasema. "Ndiyo. Tulikwenda nyumbani kwa tochi, na wewe ulikuwa bado unapiga." Akageukia watu. "Erdal alikuwa mwimbaji mzuri wa kwaya ya shule. Ngoma hakujua. Aliyezipiga ni huyu, Nazmiye." Akakaa, kama aliyetua gunia.

Yelda alikuwa ameazima ngoma za shule ya sekondari na kuziweka nyuma ya pazia. Hakuniambia. Pazia likafunguliwa. Nikasema sitaweza, kiuno, umri. Rahmi akaniambia sikioni, "Hukuzuiwa na giza, utazuiwa na kiuno?"

Nikapanda. Vijiti vilikuwa vyepesi kuliko nilivyokumbuka. Mapigo ya kwanza yalikuwa mabaya, mabaya sana, nikayasikia na nikaendelea. Kisha mguu wa kulia ukakumbuka. Kisha mkono wa kushoto. Halafu sikuwa na haja ya kukumbuka kitu.

Septemba 29

Siwezi kuinua kikombe. Songül ananinywesha chai kwa kijiko na kunicheka.

Oktoba 5

Magunia ya findiki yameondoka. Uwanja mtupu, umefagiwa. Tumekula mchana kwa Rahmi, dagaa wa kukaanga na mkate wa mahindi, madirisha wazi.

Yelda alipiga simu tukiwa mezani. Santuri itatoka kabla ya mwaka kwisha, na nyimbo tisa ambazo hakuna aliyewahi kuzisikia, na jalada jipya: picha ile ya taa za basi. Tuncay amekubali kila kitu na ameomba apige gitaa nami jukwaani majira ya kuchipua. Nimesema nitafikiria, kwa sababu nataka asubiri kidogo.

"Swali moja tu, shangazi," Yelda akasema. "Jina liandikweje? La mumeo, au Nazmiye peke yake, kama walivyoita watu?"

Nilitaka kusema peke yake. Rahmi akanyoosha mkono mezani akaichukua simu, mafuta ya dagaa vidoleni.

"Andika la baba," akasema. "Nazmiye Dizdar. Herufi kubwa, binti yangu, kubwa kabisa. Mzee alikuwa haoni vizuri."

Akanirudishia simu, akanitazama, anasubiri nimkatalie.

"Umesikia," nikamwambia Yelda. "Kubwa kabisa."